Filimbi Tatu za Kasoli

Siku ya kwanza Minza Masunga alipoingia dukani kwangu nilidhani katumwa na mtu mzima. Mimi hukodisha maturubai, viti na masufuria hapa Bariadi, kwa harusi na kwa misiba, na watoto huja kuuliza bei kisha wakarudi na baba zao. Huyu alikuwa na miaka kumi na sita, mfupi, skafu ya skauti shingoni, daftari kwapani. Nje mwalimu wake, Twaibu, ameegemea pikipiki. Nikampita binti, nikamuuliza mwalimu anahitaji nini.

"Muulize kiongozi," akasema. "Mimi leo dereva tu."

Kumbe kikosi chao kilikuwa kimepewa kambi ya likizo huko Kasoli wakaiendeshe wenyewe: chakula, ratiba, michezo, kila kitu. Mwalimu angekuwepo bila kuamrisha. Minza alitaka maturubai mawili na masufuria manne, na hela hazikutosha. Nikamwambia hapa ni biashara, siyo ofisi ya misaada. Hakunung'unika. Aliinama, akapitisha kidole chini ya sufuria moja, kikatoka cheusi tii. Akauliza nani huwa anayaosha haya. Mimi, nikamjibu, na mgongo wangu huu. Akasema basi kikosi kitaosha masufuria yote ya duka kwa Jumamosi mbili. Nikataka nne. Tukaishia tatu, na kitu kikirudi na kasoro inaongezeka moja. Nilijua nimepata faida, ila alivyowahi kuandika kwenye daftari nikaingiwa na wasiwasi.

Baadaye ndiyo nikajua alikotoka. Alizaliwa Migato, akachunga ng'ombe wa baba yake mpaka alipohamia mjini kusoma, kwa shangazi yake Esteria, fundi cherehani. Uchungaji haujamtoka. Kila baada ya muda kidogo anawahesabu wenzake kwa macho, kama ndama.

Siku ya pili ya kambi nilikwenda Kasoli kuonana na mkulima wa pamba. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa nyumbani. Nilikwenda kuyaangalia maturubai yangu.

Nilifika saa tisa alasiri, mchezo umepamba moto. Mmoja amejificha, wengine wanamfuata kwa alama za mawe na majani, na anayeona alama anapiga filimbi tatu ndefu kuwaita wenzake. Minza alikuwa ameshakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba ruhusa ya kuni, maji na moto. Filimbi hakuitaja. Mtoto wa Migato kabisa, na alisahau kwamba huku filimbi ni ya sungusungu, walinzi wa kijiji. Ikilia mchana, ng'ombe wameibwa, na kila mwanaume anaacha alichoshika anakuja.

Wakaja. Walitoka mashambani kama thelathini, na fimbo na marungu, wanakimbia bila kelele. Watoto wa mjini wakataka kutimua mbio.

"Kaeni chini," Minza akasema. "Anayekimbia ndiye mwizi. Kaeni."

Wakakaa. Akawahesabu: kumi na tisa. Walikuja ishirini. Aliyekosekana ni Kasmiri, wa kidato cha kwanza, mtoto wa muuza duka, hajui Kisukuma hata salamu. Alikuwa amejificha kichakani nyuma ya zizi la ng'ombe la mtu, na nusu ya wale wanaume walishageukia huko.

Mwalimu Twaibu alipiga hatua moja, akasita. Mimi hata hiyo moja sikupiga. Minza alimwendea kamanda wao, Maduhu, akapiga goti na kumwamkia "Mwadila, baba" kana kwamba wamekutana mnadani. Mzee akiamkiwa hivyo hawezi kunyamaza. Akaitikia huku anahema. Hapo ndipo akamweleza kwa Kisukuma chao: filimbi ni yake, kosa ni lake, hakuna ng'ombe aliyeibwa, na nyuma ya zizi kuna mtoto. Maduhu akapuliza filimbi yake mara moja, fupi. Wale wa zizini wakasimama, fimbo bado ziko juu.

"Kasmiri, toka," Minza akaita. "Tembea. Usikimbie hata ukitaka."

Kichaka kikatikisika, akatoka kijana na majani kichwani, anatembea taratibu, anatuangalia wote.

"Nimeshinda?" akauliza.

Maduhu ndiye aliyeanza kucheka, na fimbo zikashuka. Mimi nilikaa chini palepale kwenye vumbi, na suruali yangu safi.

Kicheko hakikufuta kosa. Kupiga filimbi bure kuna faini, na Maduhu alikuwa ameshaanza kuyatazama maturubai. Nikanyanyuka kusema yale ni mali yangu.

"Mzee Mashaka, mpaka Jumapili ni yetu," Minza akanikatiza. "Tuachie."

Akamwambia Maduhu kwamba amewatoa watu kazini, kwa hiyo atalipa kwa kazi. Kesho asubuhi kikosi kizima kitachuma pamba shambani kwake.

"Hawa wa mjini watachuma nini, mayu?" akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma. "Watanichumia majani."

"Watachuma vibaya, baba. Ila watakuwa wengi."

Maduhu akakubali, akaongeza kwamba ile filimbi inabaki kwake.

Wakachuma. Kambi ikaenda mpaka Jumapili, na ishara ya mchezo ikawa kugonga mfuniko wa sufuria. Mfuniko wangu. Siku ya kurudisha vitu Minza aliuweka mezani wa kwanza kabisa, umebonyea katikati, kabla sijakagua chochote.

"Jumamosi ya nne, mzee," akasema.

Kikosi kimepoteza filimbi moja na asubuhi moja. Kasmiri yuko mzima, na kiongozi wamemchagua tena yuleyule. Maduhu alipata pamba ambayo, ananiambia, alikaa siku mbili kuichambua majani. Mimi nina mfuniko usiokaa sawa kwenye sufuria yoyote. Jumamosi ya nne imepita juzi, na mgongo hauniumi.