Mayai Mawili ya Tandawala

Zaitun alimdharau Munene kabla mguu wake wa pili haujagusa ardhi ya Kitale. Mwanamume yule alikuwa amevaa fulana yenye mifuko mingi kama ya fundi wa stima na kofia yenye pazia la kufunika shingo, na kwenye buti yake ya kushoto lebo ya duka ilikuwa bado inaning'inia. Alitazama huku, akatazama kule, akauliza, "Dere yuko wapi?" Zaitun alikuwa amesimama mbele yake, ufunguo mkononi.

"Ni mimi."

"Wewe?" Akamgeukia Wanyonyi, mwenye gari. "Ati huyu mama ndiye anatupeleka Turkana?"

"Huyu barabara ile anaijua kuliko walioichora, bana."

Wanyonyi hakuwa akimpamba. Zaitun alizaliwa Bungoma, kwenye vyumba vya nyuma ya msikiti, binti wa Farid aliyekuwa fundi wa malori. Wenzake walipokuwa wakijifunza kushona, yeye alikuwa chini ya lori akimshikia babake tochi. Mumewe alipofariki na kumwachia Sufian akiwa bado ananyonya, alipanda lori la samaki wakavu na kuliendesha miaka ishirini na minne, kutoka Ziwa Turkana hadi Kitale, mara nyingine akafika soko la Bungoma. Laga, ile mito ya mchanga ambayo hukauka miezi mingi kisha ikashuka siku moja kwa hasira, ilipojaa maji, alikaa kando siku mbili, tatu, akingoja. Hapakuwa na kitu cha kutazama ila ndege, naye akawatazama. Wanawake wa Kiturkana waliopita na madumu ya maji walimweleza yupi hutaga wapi. Hakuyasahau.

Mgongo ulipochoka akachukua kazi kwa Wanyonyi, Mbukusu wa Sirisia aliyenunua lori kuukuu lililojengewa nyumba nyuma: kitanda, jiko la gesi, friji, sinki na choo. Mafundi wa Kitale waliliita Ploti, kama nyumba za kupanga. Watu walilikodi waende kupiga picha za ndege na wanyama kule chini kwenye joto, na wengi wao Zaitun hakuwa na neno nao. Daktari mmoja mzee aliwahi kukaa kimya tangu asubuhi hadi alasiri akimngoja ndege mdogo kama kidole gumba, akamkosa, na akarudi garini akicheka. Mtu wa namna hiyo unampikia chai kwa moyo mmoja.

Munene alianza kulalamika kabla ya Kapenguria. Walipoteremka Marich na hewa ikageuka kuwa ya moto, alifunua pazia la kati na kutoa kichwa. "Dere, ndege wako wapi?" Kana kwamba Zaitun aliwafungia kwenye buti ya gari. Alipomwona mmoja juu ya mgunga, alichezesha kwenye simu sauti ya ndege wa aina hiyo, akairudia na kuirudia, hadi yule maskini akawa anaruka tawi hadi tawi akimtafuta mpinzani asiyekuwepo. Munene akapiga picha mia moja za hangaiko hilo na kuziita nzuri.

"Piga honi," aliagiza mahali pengine, kundi la ndege likiwa limetulia kando ya dimbwi. "Nataka waruke."

"Honi imekufa," Zaitun akasema. Saa moja baadaye ngamia waliziba njia, akaipiga honi ikaitikia vizuri kabisa. Dinah, mke wa Munene, ambaye alikuwa ameketi karibu na feni na kitabu, aliinamisha uso kuficha kicheko. Jioni hiyo alikuja mbele na kumuuliza dereva jina lake. Mumewe hakuwahi kuliuliza.

Siku ya nne, walipokuwa wamepita Lodwar kuelekea ziwani, Zaitun alifanya kosa. Kwenye uwanda wa changarawe, chini ya kichaka cha miiba kisichofika kiunoni, aliona shingo nyembamba ya kijivu. Ni tandawala jike, yule ndege mkubwa wa nyikani anayetembea kwa maringo na kutaga chini, kwenye ardhi tupu. Zaitun alipunguza mwendo. Dinah akafuata macho yake.

"Umeona nini, Dada Zaitun?"

Naye, kwa sababu Dinah alimwita kwa jina, akamwambia. Munene alikuwa ameshashuka kabla gari halijasimama.

Tandawala alivumilia hadi mtu yule akawa hatua kama ishirini, kisha akainuka na kuondoka kwa haraka. Alibaki kwa mbali, akizunguka, shingo wima. Mayai yalikuwa mawili, rangi ya udongo, na madoa. Munene akafungua kiti, akafungua mwavuli, akafunga kamera kwenye miguu yake mitatu, akajiketisha kivulini. Jua lilikuwa karibu na utosi.

Zaitun alimpa muda, kisha akamwendea.

"Bwana Munene, turudi garini. Ukikaa hapa hatarudi kuatamia, na mayai yataiva."

"Dere, kazi yako ni usukani."

"Usukani ndio ulionifundisha ninachosema."

Munene aliinuka, akaenda kwenye sanduku la vifaa, akarudi na panga. Kichaka, alisema, kilikuwa kinamharibia mwanga. Akakifyeka. Hata kufyeka hakujua. Alikipiga kama mtu anayeua nyoka. Kisha akachutama, akayainua mayai kwa vidole vile vyenye mafuta ya kujikinga na jua, akayasogeza kwenye changarawe nyeupe, peupe kabisa, mahali palipompendeza.

Zaitun hakupiga kelele. Mtu unampigia kelele ukidhani kuna mahali ndani yake sauti itafika. Alirudi kwenye Ploti, akakunja ngazi, akafunga turubai, akawasha injini.

"Madam, unashuka au unaenda?"

"Tunaenda wapi?"

"Mbali na mayai."

Dinah alimtazama mumewe kupitia dirishani, amekunja magoti chini ya mwavuli wa rangi ya chungwa, amefumba jicho moja. "Twende," akasema.

Wakaenda kilomita moja na ushei, wakasimama mahali ambapo angewaona vizuri. Ilimbidi aje kwa miguu, kiti begani, kamera kifuani, mwavuli umemgeukia kwa upepo. Zaitun alichukua leso yake na kumwelekea. Walipopishana Munene alifungua mdomo, lakini pumzi haikutosha kwa matusi. Zaitun akapita kama anayepita kisiki. Aliyashika mayai kwa leso, akayarudisha kwenye kishimo chao, akayasimikia matawi yaliyokatwa, akarudi kwa kuzunguka mbali.

Alasiri Dinah, akichungulia kupitia ile lenzi ndefu kama mua, alisema polepole, "Amerudi. Ameketi."

Kuketi si kuangua. Siku mbili baadaye, wakirudi, Zaitun alisimamisha gari bila kuomba ruhusa na kwenda peke yake. Ndege hakuwepo. Yai moja lilikuwa na tundu, na siafu walikuwa wakiingia na kutoka. La pili lilikuwa zima, na mkononi lilitikisika kama maji.

Kitale, Munene alimwaga yote mbele ya Wanyonyi: ameachwa jangwani, angekufa, mwanamke huyu ni hatari. Wanyonyi alitazama viatu vyake. "Mama Sufian," akasema, "sema pole tu, neno moja, yaishe."

"Pole kwa nani?"

"Kwa mteja."

"Aanze yeye kumwambia yule ndege." Akaweka ufunguo juu ya boneti, akachukua mfuko wake, akateremka Bungoma jioni hiyo hiyo. Wiki tatu baadaye alikuwa anaendesha lori la mbolea, mgongo ukimuuma kama zamani.

Miezi minane ikapita. Nimo, mke wa Sufian, ambaye ni mwalimu, alimpeleka Zaitun kwenye ukumbi mmoja wa Bungoma ambapo mgeni kutoka Nairobi angewahutubia wanafunzi juu ya kupenda viumbe. Mgeni alikuwa Munene. Nyuma yake ilitundikwa picha kubwa kuliko mlango: mayai mawili kwenye changarawe nyeupe. Alisema habari ya subira, na ya mama kuvumilia jua.

Zaitun alisimama. "Na huyo mama yuko wapi kwenye picha?"

Munene alimtambua, akarekebisha kola. "Alikuwa... kando kidogo."

"Na kichaka chake?"

"Swali lingine?" Munene akauliza, akitazama upande wa pili wa ukumbi. Watoto waligeuka kumwangalia Zaitun, kisha wakageuka kuiangalia picha, na msichana mmoja wa mstari wa mbele akaacha mkono wake juu kwa muda mrefu bila kuitwa. Mwishoni watu walipiga makofi, maana ndivyo wanavyofanya watu wakishapewa soda.

Mlangoni Phelista, mwenye kuandaa shughuli, alimuuliza kama amefurahia.

"Hapana," Zaitun akasema. Akamuuliza Nimo kama nyumbani kuna unga; haukuwepo, wakapita sokoni kwanza.