Bwana Geukeni

Mimi nakata tiketi kwenye geti la maporomoko, mwaka wa kumi na tisa huu, na waongoza watalii nimewaona wa kila aina. Wengi ni wapiga porojo. Watakutajia urefu wa maporomoko, upana wake na nani aliyefika kwanza, mpaka mgeni anasahau kutazama. Bwana Geukeni hakuwa hivyo.

Jina hilo tulimbandika sisi. Njia ya kushukia ina ngazi mia mbili na kumi na nne, zimechongwa kwenye mwamba. Kwenye kona ya mwisho huwaamuru wageni wayape maji mgongo, uso ukutani, wasogee ubavuubavu huku wameshika mnyororo mpaka kwenye jiwe pana lenye uzio. Hapo ndipo husema, "Geukeni." Basi. Hufunga mdomo robo saa nzima. Ukimuuliza swali, anakuonyesha maji kwa kidevu. "Macho si unayo?"

Mkewe, ninayemwita shemeji, ni fundi cherehani. Sare zetu zote kashona yeye. Ameishi jirani na maporomoko karibu miaka thelathini na hakuwahi kushuka, na kosa ni la mumewe. Wakati wa mvua maji hujaa, lakini manyunyu hufunika bonde lote, huoni kitu. Kiangazi unaona vizuri kijimkondo chembamba cha kutia huruma. Katikati, mvua zikishakatika, kuna wiki mbili ambazo maji ni mengi na hewa ni safi. Bwana Geukeni aliapa mkewe hatayaona katika siku nyingine yoyote. Wiki hizo zikifika, shule nazo zinafungua, na shemeji amezama kwenye sare za watoto. Wakasogeza mbele mwaka hadi mwaka.

Kisha shemeji akaanza kumwomba mumewe amtungie uzi kwenye sindano. Shati langu jipya likaja mkono mmoja mrefu, mmoja unaishia kiwikoni. Nilimsema sana, na mpaka leo roho inaniuma. Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, na matone aliyompa ni ya kujaribu kulinda kilichobaki.

Tulikuwa katikati ya mvua. Nikamwambia Bwana Geukeni, "Mpeleke kesho."

"Kesho ataona nini? Ukungu mtupu. Bado wiki tano tu."

"Mpe huo huo ukungu, ndugu yangu. Macho hayasubiri."

"Miaka yote hii, halafu nimpe ukungu?"

Nilishikwa na hasira nikafunga kidirisha changu. Ningefanya nini zaidi? Mke si wangu, na yule bwana akishaamua hata trekta halimvuti. Mvua zikachelewa kukatika. Wiki tano zikawa nane.

Siku waliyokuja, mbingu ilikuwa nyeupe pee. Shemeji alikuwa amevaa gauni lake la kuendea harusi za watu, ameshika mkono wa mumewe.

"Shemeji yuko wapi?" alimuuliza mumewe, akinitafuta mimi. Nilikuwa nimesimama mbele yake, hata hatua mbili hazifiki.

"Niko hapa, shemeji."

Nikafunga geti, nikawafuata. Bwana Geukeni alihesabu ngazi kwa sauti, moja hadi mwisho, na shemeji aliweka mguu pale alipoambiwa. Kwenye kona akamgeuza uso ukutani. Mazoea yalimtuma. Nilitaka kumwambia haina haja, nikashindwa.

Walipofika kwenye jiwe pana akasema, "Geuka."

Shemeji akageuka. Maji yalikuwa yanashuka yote, meupe, na kila jiwe nyuma yake linaonekana. Katika miaka kumi na tisa sijayaona vizuri namna ile.

"Nimegeuka sawasawa?" aliuliza.

"Sawasawa," mumewe alijibu.

"Naona kama mwanga upande huu." Akasubiri. "Haya, niambie."

Bwana Geukeni akafungua mdomo. Alitazama maji, akanitazama mimi, akarudi kwenye maji.

"Maji," alisema. "Yanashuka."

"Hilo nalisikia, mume wangu. Mengine je?"

Mkono wa mumewe ukawa unashika uzio na kuuachia. Sikuweza kuvumilia. Nikatoa tiketi mfukoni, nikaigeuza na kusoma maandishi ya nyuma, yale tunayowachapia wageni: urefu mita themanini na mbili, upana mita kumi na tisa wakati wa maji mengi. Nilijiona mjinga. Shemeji aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mgeni yeyote.

"Soma tena," akasema Bwana Geukeni. "Soma polepole."