Mdogo Wangu Hajaniita Kaka Tangu Siku ya Machela

Nawasalimu wote mnaosoma ukurasa huu. Naomba jina langu lisionekane, maana mjini Kindu tunajuana. Nina miaka sabini na tatu, nimefiwa na mke, nilikuwa karani wa reli mpaka nilipostaafu. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Ninaishi nyumba moja na mdogo wangu wa kike, nitamwita Riziki. Ananipikia, na tukiumwa tunauguzana. Lakini hajaniita kaka kwa zaidi ya miaka arobaini.

Nchi yetu ilikuwa bado inaitwa Zaire. Sisi tulikaa Alunguli, na hospitali iko Kasuku, upande wa pili wa mto. Mgonjwa asiyeweza kutembea alibebwa na ndugu zake kwa kiti, kwa mkeka, hata mgongoni. Basi vijana wa mtaa tukaanzisha kikundi cha kujitolea, tuwabebe kwa machela mpaka mtumbwini, na kutoka mtumbwini mpaka hospitali. Hakuna aliyelipwa. Mimi nilikuwa sekreteri, na nisiwafiche, nilikipenda cheo hicho. Niliwapima wote urefu kwa chaki kwenye mlango wa darasa, nikawapanga wanne wanne wanaolingana mabega, ili machela isiiname. Kila kundi na siku yake. Shefu wa mtaa, mtu wa Chama tawala, alituruhusu kwa sharti moja: kundi la zamu peke yake ndilo lisamehewe Salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Wengine washike majembe kama kila mtu.

Kanuni niliandika mimi. Iliyonitesa maisha yangu yote ni hii: mgonjwa akiwa wa familia yako, usiguse machela, kundi lako lote likae pembeni, na kundi linalofuata liitwe. Sikuitunga kwa ukatili. Mwenzetu mmoja alimbeba mkewe huku analia, akakimbia kwenye mteremko wa bandarini, akateleza, na mama wa watu akavunjika nyonga. Kanuni ilipokwisha kupita, baba mwingine akambeba mtoto wake mwenyewe. Walifika salama kabisa, lakini nilisimama mkutanoni nikalifuta jina lake. Watu walinipigia makofi. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Jumamosi chache baadaye mama yetu, aliyekuwa na homa tangu Alhamisi, akapoteza fahamu. Ilikuwa zamu ya kundi langu. Riziki alinijia mbio, miguu imejaa tope.

“Kaka, mama hasemi tena. Mulete machela.”

“Natuma muntu aite kundi la pili,” nikamjibu. “Wanakuja.”

“Kundi la pili iko Salongo. Ninyi muko hapa.”

Mwenzangu wa kundi alinivuta pembeni. “Sekreteri, twende tu. Nani atauliza?”

Nikamwambia kanuni ni kanuni. Machela ilikuwa imeegemea ukuta, hatua tano kutoka niliposimama.

Shefu alikataa kuwaachia watu wa kundi la pili mpaka wamalize mtaro. Walipofika, jua lilikuwa utosini. Walimbeba vizuri, polepole, machela imenyooka kama nilivyowafundisha. Nilipanda nao mtumbwi. Mama alikata roho katikati ya mto, kichwa chake kwenye mapaja ya Riziki. Tulipogusa ukingo wa Kasuku, Riziki alinitazama, akasema, “Aksanti, sitwayen.”

Vijana hamtajua. Sitwayen, yaani raia, ndivyo Chama kilivyotaka tuitane ofisini na mikutanoni. Nyumbani hakuna aliyemwita ndugu yake hivyo. Utawala ule ukaanguka, watu wakaliacha neno hilo, Riziki hakuliacha. “Sitwayen, chakula iko tayari.” Mke wangu alipokufa, Riziki alinishika mkono kaburini, akaniambia, “Pole, sitwayen.” Inaniuma kila siku, na sijawahi kumlalamikia.

Sasa, Jumapili iliyopita, mjukuu wa Riziki, ambaye ni muuguzi, alikuja na wenzake. Wanataka kukianzisha tena kikundi kile, kwa sababu mvua ikinyesha hata pikipiki hazipiti kwenye njia zetu. Wakafungua daftari, wakaniuliza tulijipanga vipi. Nikawaambia yote: urefu, zamu, kuita majina, na kwamba aliyekosa mara tatu bila kutuma habari anaondolewa. Nilisema kwa raha, nikajisahau. Riziki alikuwa karibu, anachambua sombe, majani ya muhogo.

Muuguzi akauliza, “Na mugonjwa akiwa wa kwetu, babu, tufanye nini?”

Mikono ya Riziki ilisimama kwenye majani.

“Mumuulize sitwayen,” akasema. “Ni yeye njo aliandika.”

Niliwaomba warudi Jumapili hii. Nikiwaambia waishike kanuni ile, namwambia mdogo wangu usoni kwamba nilikuwa na haki. Nikiwaambia waitupe, siku moja mtu atakimbia analia kwenye mteremko ule ule.

Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Siku ile sikuwa nafikiria mteremko wala nyonga ya mtu. Nilikuwa namfikiria yule baba niliyemfuta, na wale walionipigia makofi, watanicheka vipi. Mama yangu alingoja kwa sababu niliogopa kuaibika. Riziki anadhani niliiamini kanuni yangu. Miaka yote hii amenikasirikia kwa kosa dogo kuliko nililolifanya.

Ana miaka sitini na nane, na moyo wake ni mgonjwa. Nikimwambia ukweli, labda hata hilo neno sitwayen ataninyima. Nikinyamaza, mmoja wetu atamzika mwenzake hivi hivi. Jumapili ni keshokutwa. Asubuhi hii ameniletea chai, halafu akavuta kiti chake akakiweka barazani, pale watakapokaa wale vijana. Akaniambia, “Sitwayen, siku hiyo na mimi nitakuwa hapa.”

Nishaurini, wanangu. Nifanye nini?