Vitabu Vinne kwa Kichwa

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu nikatolewa kuchunga mbuzi, lakini kichwa changu hakitupi kitu. Jina la kila mtu niliyekutana naye Doha ninalo hadi leo, kuanzia mlinzi Mganda wa langoni kwetu Al Thumama hadi wauguzi wote wa basi lililomchukua binti yangu alfajiri. Majina yao siyataji hapa kwa kuwa wenyewe wako hai na simu yangu wanaijua.

Binti yangu alikuwa muuguzi pia. Aliniita kwa viza ya kutembelea kwa sababu shule ilikuwa imemrudisha mwanawe, msichana wa miaka tisa, ikisema hajui kusoma na darasa haliwezi kumngoja. Wangempima tena likizo ya joto ikiisha. Akishindwa, mama yake alikuwa ameshaamua: angempeleka shule ya bweni Kenya. Kwa hiyo mchana kutwa tulikuwa wawili, kiyoyozi kinanguruma, mimi namfundisha Kiingereza nisichojua kukisoma.

Jamani, mtoto yule alinichosha.

“Nyanya, herufi zinahama.”

“Zinahamia wapi? Zina miguu?”

“Hii ilikuwa inaangalia huku, sasa inaangalia kule.”

“Anayeangalia kule ni wewe! Keti wima. Toa kidole mdomoni.”

Neno tulilolihangaikia asubuhi, saa nane mchana alilitazama kama mgeni aliyebisha mlango usiku. Nilifoka. Alilia. Nilimpa mahamri, nikajilaumu, nikafoka tena. Kuchunga mbuzi kulikuwa rahisi. Mbuzi angalau ukimpigia kelele anasogea.

Ndipo nikashika njia yangu. Jioni binti yangu akirudi, kabla hajavua viatu, nilimwambia anisomee ukurasa wa kesho.

“Nikurekodie kwa simu, Mama?”

“Simu ya nini? Wewe soma.”

Akisoma mara mbili, umeingia. Maana yake nusu sikuijua, ila sauti zote ninazo. Kesho yake naweka kidole kwenye mstari, nasema mbele, mtoto anaitikia nyuma, kama tulivyofundishwa sisi zamani, darasa zima kwa pamoja. Na akashika! Kabla likizo haijaisha tulikuwa tumemaliza vitabu vinne, kidole chake kinatembea juu ya maneno kama cha karani. Siku binti yangu alipomsikia kutoka jikoni, aliketi kwenye kiti na sare yake ya kazi akalia. Mimi nikavimba kichwa. Nikawaambia hata wale wauguzi wa basi kwamba walimu wa siku hizi hawana subira.

Siku ya kupimwa tulikwenda wote watatu. Mama wa shule, mwalimu wa kupima watoto, mtu mpole mwenye miwani ya kamba, alikuwa ametuambia tuje na kitabu anachokipenda mtoto. Mjukuu wangu alikifungua, akasoma ukurasa wa kwanza bila kukwama. Binti yangu akanifinya mkono kwa furaha.

Yule mama akanyoosha mkono, akakifunga kitabu taratibu.

Mjukuu wangu akaendelea kusoma.

Alisoma ukurasa wa pili macho yakiwa dirishani. Alisoma wa tatu. Na katikati ya Kiingereza kile kizuri, kwa sauti yangu mimi mwenyewe, akasema, “Keti wima, toa kidole mdomoni,” halafu akaendelea na hadithi.

Nilitamani sakafu inimeze. Mama wa shule hakucheka. Alisema mtoto ana kumbukumbu ya ajabu ila kusoma hajaanza. Nafasi hakumpa. Alisema aanze herufi moja moja, azichore kwa kidole kwenye unga, na anayemfundisha asimtangulie kusema.

Teksi ilipopita mtaa wa Al Sadd, binti yangu akanigeukia.

“Mama. Kitabu kizima?”

“Vinne.”

“Likizo nzima! Nilikuachia mtoto umfundishe, ukamfanya kasuku. Mimi nakata tikiti. Bweni watamnyoosha.”

“Watamnyoosha na nini? Darasa limejaa, mwalimu anasema, wao wanaitikia. Huyu ataitikia kuliko wote. Watampa alama nzuri na ataolewa hajui kusoma. Mimi nimemficha miezi miwili tu, tena hapa hapa chini ya pua yako. Kule nani atakifunga kitabu?”

Mtoto katikati yetu alikuwa anatafuna utepe wa nywele. Tulipofika langoni binti yangu akasema, bila kunitazama, “Hadi Desemba. Na wewe, Mama, ukifungua mdomo wako kwenye somo, nakata tikiti mbili.”

Kesho yake nilimwaga unga kwenye sinia, unga mzuri wa chapati, roho ikiniuma. Mtoto akachora herufi. Ilikuwa imegeuka, tumbo lake huku badala ya kule, hata mimi wa darasa la tatu niliiona. Akaifuta. Akaichora tena, imegeuka vile vile. Akaniangalia mdomoni, anangoja niseme ili aitikie.

Niliinuka, nikaenda jikoni, nikafungua bomba na kuanza kuosha vyombo visafi.