Kikapu: mchuma chai wa Kangema aliyerusha mpira nyuma

Saa moja asubuhi umande haujakauka Kangema, na mikono ya Nduta Gatimu inakwenda mbio juu ya michai. Viganja vikijaa anayarusha majani nyuma, juu ya bega, yanaangukia kikapuni mgongoni. Haangalii. Mamake ndiye aliyemfundisha kuchuma hivyo.

Mkono huo huo nusura umtoe kwenye timu ya besiboli.

Mwaka jana rafiki yake alimpeleka mazoezini Gatitu. Akaudaka mpira vizuri sana, kisha, maskini, akaurusha nyuma juu ya bega. Ukaishia mtaroni, wapinzani wakazunguka uwanja mzima bila kuguswa, na wenzake wakacheka hadi machozi. Kufikia jioni alikuwa Kikapu.

Katika timu hii hakuna anayejichagulia jina. Unapewa kwa ulilolifanya. Hodo Isse, binti wa mfanyabiashara wa mbuzi Nanyuki, ni Mizani. Akishika gongo huukagua kila mpira unaomjia kama mbuzi wa mnadani, na mingi huiacha ipite.

"Jina haikuniuma," anasema Nduta akicheka. "Niliogopa kuachwa. Hii mkono yangu haisikii."

Usimcheke, msomaji. Jaribu wewe kusahau kazi unayoifanya kila siku. Alichojifunza Jumamosi uwanjani, chai ilikifuta Jumatatu, na kosa likajirudia. Kocha Wamae akamwonya kwamba akilifanya tena siku ya kuteua timu ya mechi ya Nanyuki, huko ataenda kama mtazamaji.

Siku ikafika. Mpira ukapigwa juu, ukampita. Nduta akaufukuza, uwanja ameupa mgongo, akauokota, na mkono ukafanya yake: juu ya bega! Lakini safari hii wenzake walikuwa huko huko nyuma. Hodo akaudaka, na mpinzani aliyekuwa akikimbia akatolewa.

Wamae anakiri alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi. "Nikasema, ah, huyu tutaenda na yeye hivyo hivyo."

Mechi ni Jumapili hii. Nduta amembembeleza mamake, ambaye hajawahi kufika uwanjani, na mama amekubali kwenda.

"Mama amechuma chai tangu sijazaliwa, na sijawahi kuona mtu akimpigia makofi," anasema, na kwa mara ya kwanza hacheki. "Watu wakianza kuita Kikapu, nataka ajue hata yeye wanamuita."