Niliweka Majina Kwenye Orodha ya Kafe

Hapana, msimsingizie bosi. Najua mtasema, "Si uliagizwa kazi, ukafanya?" Niliagizwa nusu tu. Nusu nyingine ni kiherehere changu mwenyewe!

Nahudumu kwenye intaneti kafe, hizi zilizoanza kufunguliwa juzijuzi hapa Dodoma mjini. Bosi alitaka kujua wateja wanafungua kurasa gani zaidi, aziweke mbele kwenye mashine, mtu abonyeze tu. Nikamtengenezea kaprogramu. Nina cheti cha kompyuta jamani, nilitaka aone!

Sasa kwetu kila mteja anaandika jina kwenye daftari, mashine namba fulani, kaingia saa fulani. Kompyuta nayo inakumbuka kurasa zilizofunguliwa. Nikaviunganisha. Ukibonyeza tu, inakuja: jina, siku, alichosoma.

Bosi akacheka. "Binti, mimi nimeomba hesabu. Majina ya nini?"

"Ndiyo inakuwa kamili, bosi!"

Akasema niyafute. Nikasema kesho. Orodha nikaichapisha, nikaiacha kaunta, naitazama kwa raha zangu.

Akaja dada mmoja kuchapa barua. Wakati anasubiri, akaisoma. "He! Mwajuma huyu si mchumba wa kaka yangu? Na kifafa hiki cha nini?"

Si ningenyamaza! Si ningesema sijui! Mwenzenu mdomo ukatangulia: "Huyo? Kila Alhamisi anasoma hayo hayo. Kaprogramu kangu hakakosei."

Wiki haikuisha, wakavunja uchumba.

Juzi Mwajuma kaja, macho mekundu. Hakunigombeza. Bora angenigombeza! Akakaa pale kaunta, akasema taratibu, "Mdogo wangu, ugonjwa wangu alikuwa anaujua mama mdogo peke yake. Ndiye kanitangaza. Nimemwambia asinijue tena."

Mimi nikajibu nini? "Pole, dada." Basi! Nikamwashia mashine namba tatu kama kawaida.

Orodha nimeichana. Programu nimeifuta yote. Inasaidia nini sasa? Waliosikia wameshasikia. Nakaa pale kaunta, akiingia mteja na kushika kalamu aandike jina, natazama pembeni nisilisome.

Ninyi mnaojifunza kutengeneza programu, nawaomba. Ukiombwa hesabu, toa hesabu. Usichukue jina la mtu kwa sababu tu limekaa hapo na unaweza kulichukua. Mimi nilidhani ni ufundi, kumbe nilikuwa nachungulia watu, tena nikajisifu!

Kesho asubuhi kafe atafungua mwingine, nimeshaomba ruhusa. Naenda mtaa wa Area D kwa huyo mama mdogo, nimpe shikamoo, nimwambie ni mimi. Halafu nimwombe twende wote kwa Mwajuma, nirudie mbele yao wawili. Uchumba siwezi kuurudisha. Mwajuma akikataa kunifungulia, nitasemea hapo hapo mlangoni, majirani wasikie kosa langu, ila ugonjwa sitautaja.