Gari Lisilo na Klachi

Gari lile nililipenda kijinga, na siwezi kumlaumu mtu. Lilikuwa limeegeshwa mbele ya yadi ya magari yaliyotumika pale Kahama, katikati ya lori la ng'ombe na gari jeusi refu la tajiri fulani wa dhahabu. Lenyewe dogo, juu rangi ya maziwa, chini kijani, taa za mbele za mviringo, bampa inang'aa kama sufuria isiyowahi kuinjikwa. Mimi ni muuza mchele wa Nyahanga, sina kawaida ya kusimama barabarani kushangaa vitu. Siku ile nilisimama mpaka dalali akanifuata mwenyewe.

"Karibu, dada. Usidanganyike na sura, hili ni la zamani kwa nje tu. Soma namba."

Nikasoma. Kwetu umri wa gari tunausoma kwenye herufi za kibao chake, na hili lilikuwa namba D, wala halikuwa limechoka. Dalali akanieleza kwamba Wajapani walilitengeneza jipya kabisa, wakaamua kulivisha sura ya magari ya babu zetu, eti kuna watu wanapenda hivyo. Mwenye gari alikuwa mchimbaji kule Geita. Duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, lilipotema dhahabu akamnunulia mkewe. Duara likakauka, mke akaondoka, gari likabaki. Dalali alinisimulia haya huku akicheka, kana kwamba ni sifa mojawapo ya gari.

"Halafu ni oto, dada. Mguu wako wa kushoto unakaa tu kama mgeni."

Sikuona la kujali hapo. Mimi mwenyewe nilijifunza kuendesha ukubwani, kwenye gari la oto la jirani, na klachi nilikuwa naisikia tu kwa watu. Fundi niliyerudi naye kesho yake akagonga bampa kwa kidole, akaniangalia. "Hii ni plastiki, mama. Imepakwa tu." Nikamwambia aiache hivyo hivyo, atakayeliangalia hatagonga.

Atakayeliangalia alikuwa baba yangu. Enzi zake alikuwa dereva wa meneja wa kiwanda cha kuchambulia pamba, Shinyanga. Ukutani kwetu ilining'inia picha yake akiwa na shati jeupe, mkono kwenye madigadi ya gari dogo la taa za mviringo. Gari hilo ndilo lililonileta nyumbani. Siku niliyozaliwa meneja alikuwa amelala baada ya chakula cha mchana. Baba akalichukua gari bila kuomba, akaenda hospitali, akatuleta mama na mimi, akalirudisha kabla mwenyewe hajaamka. Walinzi wakamsemea, akapewa barua ya onyo. Barua ile aliitunza pamoja na cheti cha ndoa, na kila mgeni aliyekuja alisimuliwa habari yake hata kama hakuuliza.

Alinipa jina la mama yake mzazi. Kwa hiyo hakuwahi kuniita jina, aliniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Mayu, umekula? Mayu, funga mlango. Mayu, unanichosha sasa. Nimegombezwa sana kwa neno hilo, na nimebembelezwa kwa neno hilo hilo.

Mama alipofariki, baba akahamia kwa kaka yangu, kijijini ng'ambo ya Masumbwe, na huko ndiko alikoanza kutupoteza mmoja mmoja. Walianza kupotea wajukuu, akafuata kaka anayelala naye nyumba moja, mwisho mimi. Salamu hazikupotea. Ukimwambia shikamoo, marahaba inakuja nzima, na sauti yake ile ile. Ila mimi alinichukulia kuwa muuguzi wa chanjo. Kila nilipomwamkia alikunja mkono wa shati na kunitolea bega. Nilikuwa nacheka mbele yake, halafu nalia kwenye basi.

Na mayu aliendelea kuniita. Hapo ndipo paliponiumiza. Kwa Wasukuma mwanamke yeyote mtu mzima ni mayu, hata muuza dagaa anayepita. "Mwangaluka, mayu," baba ananisalimia asubuhi, kwa adabu zote, na najua kabisa hiyo ni mayu ya barabarani. Mimi nilikuwa naitaka ile yangu, hata mara moja tu. Daktari alishaniambia yaliyopotea hayatarudi. Nikamjibu asante sana, nikatoka, nikaenda kununua gari.

Nililiendesha mwenyewe hadi Masumbwe. Nilipopunguza mwendo pale, waendesha bodaboda wakanipokea kwa kelele: "Mama, hilo gari umelifua likasinyaa?" Nikawatukana kidogo, wakafurahi. Kutoka hapo njia ni ya vumbi na mashimo, na gari lenyewe lilikuwa chini mno. Kila lilipokwangua tumbo nilijisemea kwamba halijaja kuishi huku, limekuja kuonekana mara moja.

Baba alikuwa uani, kwenye kigoda, anapukuchua mahindi na wifi yangu. Nikazima gari, ufunguo nikautia kwenye pochi. Kabla sijashuka alikuwa ameshasimama. Akaacha gunzi likaanguka. Akaja polepole, akaweka kiganja kwenye madigadi, mahali pale pale pa kwenye picha, kisha akavuta mkono wa shati lake akaifuta taa. Wifi akanikodolea macho. Nilifurahi jinsi ambavyo sijafurahi tena tangu siku ile.

Nikamfungulia mlango wa dereva, mimi nikazunguka nikakaa kushoto kwake. Akarekebisha kioo. Akaweka kola sawa. Mkono wa kushoto ukaenda kwenye gia bila kutazama, na mguu wa kushoto ukakanyaga sakafu. Ukakanyaga tena. Akainama akachungulia chini.

"Klachi iko wapi?"

"Hili ni oto, baba. Halina klachi."

"Gali halikosi klachi, mayu."

Nikaitegea sikio ile mayu, nione ni ipi. Sikuitambua.

"Baba, unanijua mimi ni nani?"

"Shuka tafadhali, mayu. Leo siwezi kukubeba. Bwana meneja amelala, na mimi nawahi hospitali, mke wangu amejifungua." Akatabasamu, meno yote yaliyobaki yakaonekana. "Mtoto wa kike. Nimempa jina la mama yangu."

Sikushuka. Sikuweza hata kuugusa mlango. Yeye akarudia kukanyaga, safari hii kwa nguvu, mpaka gari likawa linatikisika, na tabasamu likaanza kumtoka. Akakanyaga kushoto, akakanyaga katikati, akapapasa chini kwa mkono. Jasho likamjaa usoni.

"Wameiba klachi," akasema. "Mtoto wangu atalala hospitali."

Kisha akalia. Sikuwahi kumwona baba analia, hata kwenye msiba wa mama hakulia, na sasa alikuwa analia kwa sauti, amekumbatia usukani, wifi amesimama uani na mahindi mikononi hajui aje au asije. Nilikuwa nimeomba anikumbuke. Alinikumbuka. Na mimi kwa akili zangu nilikuwa nimemletea gari ambalo haliwezi kumfikisha kwangu.

Nikamshika bega, lile bega alilozoea kunitolea.

"Baba, usilie. Mtoto ameshafika nyumbani."

Akainua uso. "Nani kamleta?"

"Wewe, baba. Wewe ndiye uliyemleta."

Aliniangalia kwa muda mrefu, akinichunguza, kama mtu anayejua kuwa anadanganywa ila hajajua kwa nini. Halafu akaangalia miguu yake.

"Nimemletaje, mayu," akaniuliza, "na gali halina klachi?"